Khana Si Kana

Ninyi vijana mnaotaka kufundisha lugha, sogeeni karibu, maana sauti yangu haina nguvu ya zamani na sipendi kurudia. Nimestaafu, lakini mdomo haujastaafu. Kwa miaka mingi nilikuwa na chumba kimoja ghorofani hapa Nakuru mjini, juu ya duka la viatu, na mlangoni nilikuwa nimebandika neno moja: MATAMSHI. Wengi walipanda ngazi wakidhani ni kanisa jipya. Wengine walipoona kioo, vipande vya karatasi na kopo la kakao mezani, walidhani wamefika kwa mganga. Niliwapokea wote. Aliyetaka kuombewa nilimwombea, kisha nikamuuliza kama anaweza kutofautisha ship na sheep.

Jina langu ni Chebiwott. Dada yangu ni Chepkorir. Hebu yatamkeni majina hayo polepole. Mwanzo wake ni mmoja, ile Chep tunayowapa mabinti sisi Wakalenjin, lakini kwa dada yangu imebaki p na kwangu imegeuka b kwa sababu imeangukia katikati ya irabu. Mama alituita sisi wawili kutwa nzima, na hata siku moja hakujua kwamba anatoa sauti mbili. Ungemwambia angekuuliza kama umekunywa chai. Kwake hiyo ilikuwa sauti moja tu. Ndiyo maana Mkalenjin akifika mjini anasema ananunua "tawa" na anapanda "pasi", na ninyi mnashika mbavu. Ulimi wake si mzito. Sikio lake ndilo halijawahi kuambiwa kwamba hapo kuna vitu viwili.

Mimi nilichekwa kabla yenu kuzaliwa. Shuleni nilisimama kusimulia jinsi nilivyopata bata, nikatangaza kwa fahari, "Nimebata pata." Darasa lilianguka chini. Mpaka namaliza shule jina langu lilikuwa Pata. Sikulia, nilikasirika. Kuna walimu walioingia kazini kwa wito, na kuna mimi, niliyeingia kwa hasira.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Mwalimu Nderitu, Mungu amlaze pema. Alikuwa na sikio kali kuliko la mbwa wa lindo. Alisikia kosa lako ungali ngazini. Lakini yeye mwenyewe alikuwa Mkikuyu wa Bahati, na akichoka, l ilimtoroka ikabaki r. Saa saba mchana alikuwa akisimama na kusema, "Haya jameni, twendeni kura." Mgeni mmoja kutoka Mombasa aliuliza kwa adabu kama kuna uchaguzi mdogo. Nderitu alicheka kuliko sisi sote. Alisema mwalimu wa matamshi asiye na kosa lake mwenyewe ni kama kinyozi mwenye kipara, huwezi kujua kama anajua kazi.

Yeye ndiye aliyenionyesha karatasi. Alikata ukanda mwembamba, akauning'iniza mbele ya midomo yangu, akawasha kaseti ya Mwingereza anayesoma maneno. "Mwige," akasema. Mwingereza alisema pin. Nami nikasema pin. Karatasi haikutikisika. Nderitu akarudisha kaseti nyuma. Nilirudia mpaka koo likakauka, ndipo nikagundua kwamba yule bwana anapotamka p anaachilia pumzi nyuma yake. Nilipoipata ile pumzi, karatasi iliruka ikanigonga puani.

"Sasa sema spin," Nderitu akaniambia, "vile anasema yeye."

Nikasema spin. Karatasi ilitulia.

"Umeona? Hapo hakuna pumzi. Na ukimuuliza huyo mzungu, atakuambia hizo p mbili ni kitu kimoja. Hajui hata kama anapuliza. P ni mtu, Chebiwott. Pumzi ni koti. Akisimama mlangoni mwa neno analivaa, akisimama nyuma ya s analivua, na mtu ni yule yule."

Vitabu vyenu vinamwita huyo mtu fonimu, na makoti yake vinayaita alofoni. Yashikeni majina hayo kwa ajili ya mtihani. Kisha Nderitu akaongeza jambo lililonichukua miaka kulielewa: "Na ujue, kile kwenu ni koti tu, kwa jirani kinaweza kuwa mtu mwingine kabisa." Niliitikia ndiyo, ndiyo, kama mnavyoitikia ninyi sasa.

Msidhani hayo ni mambo ya kuchezea tu. Kiptoo, muuguzi kutoka Rongai, alikuwa anatafuta kazi Uingereza. Kwenye mahojiano ya simu aliambiwa amwelekeze mgonjwa namna ya kumeza dawa. Akasema vizuri tu, "Swallow this pill with water." Kule ng'ambo wakauliza, "Swallow the bill?" Kiptoo alinijia amekunja uso.

"Madam, mimi nilisema pill. Nikarudia. Huyo mzungu ako na shida ya masikio."

"Hana shida," nikamwambia. "Anangoja pumzi. Asipoisikia pale mwanzo, kwake hiyo ni b. Umemwambia mgonjwa ameze bili, na bili za hospitali hata sisi huku hazimezeki."

Tulileta karatasi. Kiptoo alipuliza jioni baada ya jioni hadi mkewe akaanza kuuliza anajifunza kazi gani hasa. Siku aliyofaulu mahojiano alinitumia ujumbe mfupi: "Madam, karatasi imeruka."

Siku hizi mna simu inayoandika unachosema, na mnaniambia kazi yangu imekwisha. Nami niliijaribu. Niliisemesha "bata" kwa uangalifu wote, ikaandika "pata". Hebu fikirieni, nimezeeka, nimefundisha nusu ya wauguzi wa kaunti hii, na kifaa kutoka dukani kinaniita jina la utani la shuleni! Simu si mbaya. Itakuambia umekosea, na itakuambia tena na tena bila kuchoka. Haitakuambia ni kwa nini hukusikia.

Sasa niwaeleze upande wa pili, wa wale waliotoka India kuja kwetu, maana huko ndiko nilikosomea kazi upya.

Waingereza wana v na w, watu wawili tofauti, van na one, vest na west. Msemaji wa Kihindi ana mmoja tu. Sauti yake inakaa katikati: meno yanaukaribia mdomo wa chini bila kuuma, na midomo haiviringi. Sisi tukiisikia tunaitupa upande ambao siyo. Kwenye shamba moja la maua upande wa Karagita niliitwa kusaidia baada ya ajali ya namna hiyo. Huko huweka waridi kwenye chupa za maji na kuangalia zitadumu siku ngapi kabla ya kunyauka, na kipimo hicho wanakiita vase life. Meneja wao, kijana mpole kutoka India, alipita asubuhi moja, akaonyesha ndoo za waridi nzuri kuliko zote, akasema, "These ones, wase life." Msimamizi akasikia waste. Alishangaa kidogo, lakini mkubwa akishasema amesema. Waridi zikaenda shimo la mbolea.

Nilipofika walikuwa bado wanabishana kando ya shimo.

"Boss, si wewe mwenyewe ulisema waste?"

"Nilisema wase!"

"Si ndiyo hiyo sasa, waste!"

Niliwapatanisha, nikala chakula chao cha mchana, nikarudi nyumbani nikijiona bingwa. Nilijua kasoro ya Mhindi iko wapi na nilijua dawa yake: auume mdomo wa chini kwenye v, aviringe midomo kwenye w. Kazi rahisi. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaza siku Kavita alipopanda ngazi zangu.

Kavita alikuwa ameolewa Nakuru kutoka mji mmoja wa kaskazini mwa India, kwenye familia yenye duka la vifaa vya ujenzi. Kwao alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na hapa alipata nafasi kwenye shule moja ya binafsi, Grade One, kufundisha kusoma. Watoto walimpenda. Shida ilianza mtoto mmoja alipofika nyumbani akaomba "vater". Mama yake akamrekodi, akatuma kwenye kikundi cha wazazi cha WhatsApp, na ninyi mnajua vikundi vya wazazi. Mwalimu mkuu, Madam Wairimu, alimwita Kavita ofisini. Hakumgombeza. Alimwambia mwisho wa muhula atakuja kukaa nyuma ya darasa asikilize somo la v na w. Likienda vibaya, watatafuta mwalimu mwingine.

"Na ukikosa hiyo kazi, itakuwaje?" nilimuuliza.

Kiswahili chake alikuwa amekiokota kwenye kaunta ya mkwewe. "Nitarudi duka. Kupima misumari." Kisha akaongeza, "Mwalimu, kwa duka mimi ni bibi ya mtu. Kwa darasa mimi ni Kavita."

Jina lenyewe lina ile v, na hata hilo alilitamka mara Kavita mara Kawita asijue. Nilimkalisha mbele ya kioo.

"Sema van."

"Wan."

"Uma mdomo. Meno hapa."

"Van."

"Safi. Sasa sema water."

"Vater."

"Huko usiume! Haya, rudi kwenye van."

"Wan."

Kufikia wiki ya pili alikuwa anauma kila kitu. Vindow, voman, Vednesday. Akikumbuka kuviringa midomo, anaviringa kote, wisitor, willage, seven inakuwa sewen. Mimi, lazima niseme, sikujaliwa subira. Siku moja nilifunika kioo kwa kishindo nikamuuliza kama ananisikia kweli au anaangalia barabara.

Kavita alinitazama, macho yamejaa machozi. "Mwalimu, mimi nasikia. Lakini wewe unasema neno moja mara mbili."

Nilidhani ni ukaidi. Nikamwambia arudi Jumatatu akiwa tayari kufanya kazi.

Badala yake Jumapili nilialikwa kwao chakula cha mchana. Aliyenialika ni mkwewe, ambaye kila mtu mtaani humwita Babuji. Babuji alizaliwa hapa hapa Nakuru, Kiswahili chake ni cha dukani, cha kasi. Ana jicho moja. Lile jingine lilitolewa na kipande cha chuma alipokuwa kijana akikata mabati. Kabla hatujaingia, Kavita alinifundisha pale mlangoni sentensi moja ya kumfurahisha mzee: Khana bahut acha hai. Maana yake, chakula ni kitamu sana. Niliirudia mara kadhaa. Alifanya kama anataka kusema jambo, kisha mlango ukafunguliwa.

Chakula kilikuwa kitamu kweli. Chapati za siagi, dengu, mboga ambazo sikujua majina yake. Katikati ya kula nilijinyoosha, nikamwelekea Babuji, na kwa sauti yangu ya darasani nikasema, "Kana bahut acha hai."

Mume wa Kavita aliitazama sahani yake kana kwamba imeandikwa kitu. Kavita alijifunika uso kwa mtandio.

Babuji aliweka chapati chini. "Mama, umesema nini?"

Nilidhani hakunisikia vizuri, mzee wa watu. Nikarudia kwa nguvu zaidi na kwa tabasamu pana. "Kana! Bahut acha hai!"

"Asante sana, mama," Babuji akasema. Bega lake lilikuwa limeanza kutikisika. "Hii nyumba nimekaa miaka yote, hakuna mtu amesema. Hata bibi yangu marehemu hakusema. Wewe ndiyo ya kwanza."

Kisha akapasuka kwa kicheko, akagonga meza, na wote wakapasuka naye, mimi nikicheka bila kujua ninacheka nini. Kavita ndiye aliyenieleza huku akifuta machozi. Khana ni chakula. Kana ni mtu mwenye jicho moja. Nilikuwa nimeketi kwa mzee wa watu, nikala chakula chake, na kumtangazia mbele ya wanawe kwamba yule chongo ni mtamu sana. Na eti kabla ya hapo, nilipoomba dal, yaani dengu, ulimi wangu haukugusa meno inavyotakiwa bali ulikaa nyuma juu ya ufizi, na sikio la Kihindi linaisikia hiyo kama d ya ulimi uliokunjwa. Kumbe niliomba niongezewe tawi la mti. Walinipa dengu kwa heshima tu.

"Sikiliza, Mwalimu," Kavita akasema. "Khana." Akanyamaza. "Kana."

Nilisikiliza. Ninawaapia, mimi niliyeishi kwa masikio yangu, nilisikia neno lile lile mara mbili.

"Rudia."

"Khana. Kana."

"Kavita, unasema neno moja mara mbili," nikamwambia.

Maneno yalipotoka ndipo nilipoyatambua. Kavita naye aliyatambua. Tulitazamana juu ya zile sahani na nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto, kisha haya ikaniishia nikafurahi kama mtoto, kwa sababu ghafla nilijua yule msichana hakuwa mkaidi hata kidogo. Alikuwa mahali pale pale nilipokuwa mimi, upande wa pili wa ukuta.

Ndipo akafanya jambo ambalo mimi mwalimu sikuwa nimelifanya. Hakuniambia nirudie. Alifikiri kidogo, akaniuliza, "Mwalimu, sema king. Kama unafundisha."

"King," nikasema kwa sauti ya kaseti.

"Hiyo! Hiyo ni kh! Sasa sema sky."

"Sky."

"Hiyo ni k! Uko nazo zote mbili!"

Babuji aliinua kitambaa cha karatasi mbele ya mdomo wangu, akitaka kuona na lile jicho lake. King, karatasi ikaruka. Sky, ikatulia. Kwa Mwingereza ile pumzi ni koti la k, analivaa na kulivua bila kufikiri. Kwa Mhindi, k yenye pumzi ni mtu mwingine, mwenye jina lake na herufi yake. Pal ni kitambo kidogo, phal ni tunda. Waswahili wa pwani wanalijua jambo hili kuliko sisi, kwao paa la nyumba na paa wa porini havitamkwi sawa. Sisi wa bara tunategemea mnyama akimbie ndipo tujue. Nderitu alikuwa amenieleza yote hayo, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo. Nilitamani angekuwepo nimpigie simu pale pale mezani. Ningemwambia nimeelewa, naye angeniambia nimechelewa.

Jumatatu Kavita alipokuja, sikufunua kioo. Nilimwomba anisemeshe Kihindi. Chochote, habari za nyumbani, mapishi, ugomvi wa majirani. Nilikaa kimya nikisikiliza, jambo ambalo wanaonijua wataliona la ajabu. Kama mimi nilikuwa na sauti mbili nisizozijua, huenda naye alikuwa nazo, zimejificha mahali.

Ilichukua siku kadhaa. Siku moja nilimpa chai, akaikataa. "Leo niko na vrat," akasema. Vrat ni mfungo. Nikaruka kitini. Meno yake yalikuwa yamegusa mdomo kabisa! V safi, ya kuuma, na hakuijua.

"Rudia hiyo."

"Vrat?"

"Hiyo ndiyo v. Unayo tangu uzaliwe."

Ya pili niliipata kwenye mapishi. Alikuwa akinieleza vyakula vya sikukuu, akasema pakwan, neno la vyakula vizuri vya sherehe. Pale nyuma ya k, ile ile herufi yake moja ilikuwa imeviringa midomo ikawa w. Nikamwambia akate mwanzo, aache pak, abaki na mwisho.

"Wan," akasema.

"Umesema one. Moja, mbili, one, two."

Aliushika mdomo wake kwa vidole kama mtu aliyeokota kitu njiani. Kuanzia siku hiyo hatukurudi kwenye van na water moja kwa moja. Alianzia mfungoni: vrat, v, van. Alianzia sherehe: pakwan, wan, window. Polepole sikio likafuata mdomo. Mchana mmoja niliposema vest na west nikiwa nimeziba midomo yangu kwa kitabu, alizitenganisha zote bila kukosea, tukapiga kelele mpaka mwenye duka la viatu akagonga dari kwa fimbo.

Hapo shikeni neno, vijana, ndiyo kazi yenyewe. Usimletee mwanafunzi sauti kama mgeni kutoka mbali. Itafute kwanza ndani ya mdomo wake. Mara nyingi anayo, imevaa koti la lugha yake. Usipoipata, basi leta karatasi, leta kioo. Au umpake kakao kwenye ulimi, aseme ta mara moja kisha aachame mbele ya kioo, mtaona ulimi uligusa wapi. Lakini anza kwa kusikiliza. Na kama una hasira kama zangu, ziache ngazini.

Siku ya ukaguzi ilifika. Kavita aliomba nikae nyuma ya darasa, na Madam Wairimu akakubali mradi nisifungue mdomo, sharti gumu kuliko alivyojua. Yeye alikaa kando yangu na kalamu yake, mama mrefu, mkimya, asiyetabasamu haraka. Wakati tukingoja aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi sina ubaya na huyu dada. Lakini hawa watoto wanaanza tu. Wakishika vibaya saa hii, nani atawarekebisha?"

Nilikumbuka sharti lake, nikauma mdomo.

Kavita alianza akiwa amekauka kama ubao. Lakini v zilikuwa v na w zilikuwa w. Van, vest, village. Water, window, wind. Aliwafundisha watoto kuuma mdomo kwa v, na dakika nzima darasa zima lilionekana kama sungura. Aliwaambia wafumbe macho, wasikie tu, wainue mkono wakisikia v. Kalamu ya Madam Wairimu ilikuwa inaandika, sikuweza kuona nini. Nilikuwa nimeng'ang'ania kiti.

Kulikuwa na msichana mmoja mdogo mbele, mnyonge, ambaye tangu mwanzo hakuwa ameinua mkono. Kavita alimwendea, akachuchumaa. Mtoto alifikiri, akauma mdomo kwa nguvu zake zote, akasema, "Seven!" Ilitoka safi kabisa. Kavita alifurahi mpaka akajisahau.

"Wery good!" akasema. "Wery, wery good!"

Kalamu kando yangu ilisimama. Kavita mwenyewe hakuwa amesikia, alikuwa bado amemshika mtoto mikono akitabasamu. Nilifumba macho.

"Teacher!" sauti ndogo ikaita kutoka upande wa dirisha. "Teacher, si wery! Ni very!"

"Very!" wengine wakadakia. "Uma mdomo, Teacher! Umesahau!"

"Very!" akasema hata yule mnyonge.

Nilifumbua macho. Darasa zima lilikuwa limeuma midomo likimwonyesha. Kavita alisimama katikati yao, uso umemwiva, akatazama nyuma tulipokuwa, kisha akarudisha macho kwa watoto. Akauma mdomo. "Very good," akasema. "Asanteni. Mmejuaje?"

"Tumesikia!"

Madam Wairimu aliweka kalamu chini. Aliwatazama wale watoto. Kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida, kana kwamba anazungumzia chaki, "Mrs. Kavita, endelea na lesson. Lakini term ijayo hii ya v na w uianze mapema, isingoje mpaka mwisho."

Kavita alichukua muda kuelewa kwamba ameambiwa term ijayo. Alipoelewa alifunika mdomo wake kwa mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sikuzuia. Na watoto, wakidhani mwalimu wao amesahau ile herufi tena, walisimama kwenye viti vyao wakaanza kumfundisha kwa sauti moja: "Vvv, Teacher! Vvv!"